Kipimo Kilisema Hakuna Malaria

Mei 2018 nilimwachisha kazi mwanamke mgonjwa, nikiwa na hakika kwamba nina ushahidi wa kutosha. Ushahidi wenyewe ulikuwa huu: karatasi ya maabara iliyosema hana malaria, jioni moja nilipomwona sokoni Kibuye akitembea na mzigo, na sindano niliyomlipia mwenyewe ambayo ilimrudishia mikono kwa siku mbili kabla hajaanza tena kulalamika. Leo najua kwamba mambo hayo yote matatu yalikuwa upande wake. Mimi niliyasoma kinyume, tena kwa sauti, mbele ya wenzake.

Nafanya biashara ya samaki Kisumu, na banda langu liko upande wa Dunga. Mbuta wengi tunaowapasua hawavuliwi pale. Wanakuja na magari kutoka Usenge na Uhanya kule Siaya, wengine kutoka visiwa vya Homa Bay, wamefunikwa barafu. Gari likiingia alfajiri, wanawake wanakuwa wameshajifunga mipira kiunoni na kunoa visu. Hakuna kinachotupwa kwa mbuta. Minofu inakwenda hotelini. Kichwa pamoja na ule uti uliobakiwa na nyama kidogo, tunaouita mgongo wazi, huchukuliwa na akina mama wa Obunga wanaoukaanga na kuuza. Lakini kinachobeba faida ni bondo, kile kifuko cha hewa kinacholala chini ya uti wa mgongo, ambacho wanunuzi hukikausha na kukisafirisha mpaka China. Kilo ya bondo inaishinda kilo ya nyama kwa mbali sana.

Kutoa bondo ni kazi ya vidole kuliko kisu. Kisu kinafungua tumbo tu. Baada ya hapo mpasuaji anaingiza vidole viwili kando ya mbavu, anautafuta utando unaokishikiza kifuko kwenye mfupa, halafu anauachanisha polepole kwa ncha ya kidole gumba, akipapasa bila kuona, maana damu na ute vimefunika kila kitu. Ukucha ukiteleza, bondo limetoboka. Ukivuta kwa pupa, linachanika pale lilipogandana na uti. Likishatoboka, bei imeanguka. Kwa hiyo niliweka kanuni mezani kwangu: anayetoboa bondo anakatwa sehemu ya hasara kwenye malipo yake ya siku, na inaandikwa daftarini. Niliiona kanuni ya haki kwa sababu ilimhusu kila mtu.

Mwanamke huyu alikuwa hakatwi. Jina lake ni lake, sitalitaja. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, na wasichana wapya nilikuwa nawaweka karibu naye ili waitazame mikono yake. Tulilipana kwa kilo: unachopasua ndicho unacholipwa. Hapakuwa na mkataba wa karatasi wala siku ya kuugua. Ndivyo nilivyowakuta wengine wakifanya, nami nikafuata.

Krismasi ya 2017 alikwenda Mombasa kwa dada yake anayekaa Changamwe. Alirudi katikati ya Januari akiwa amekonda. Aliniambia nyumba nzima ya dada yake ilishikwa: dada, shemeji, watoto, mpaka mpangaji wa chumba cha nje. Homa kali ya ghafla, vipele mwilini, na viungo vilivyouma kiasi kwamba dada yake alikuwa akitambaa kwenda chooni. Homa iliwaachia baada ya siku chache. Viungo havikuwaachia.

Nilimsikiliza huku nahesabu masinia. Lazima niseme mwaka tuliokuwa tumetoka nao, si kwa kujitetea, bali ijulikane nilikuwa namtazama kwa macho gani. Uchaguzi wa Agosti 2017 ulifutwa na Mahakama ya Juu mwezi wa Septemba, na marudio ya Oktoba hayakufanyika kabisa hapa Kisumu. Barabara zilifungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Magari ya samaki yalishindwa kuingia, barafu ikayeyuka, nikabaki na deni. Januari nilitaka kilo, na mtu yeyote aliyenipunguzia kilo nilimwona kama amesimama upande wa hasara.

Asubuhi ya kwanza kisu kilimtoka mkononi kikaanguka sakafuni. Akakiokota, kikaanguka tena. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, ngozi imevutika inang'aa, na ngumi hakuweza kuikunja. Aliweza kukunja vidole mpaka nusu tu, vikagoma hapo. Alipoingiza mikono kwenye beseni la barafu aliuma midomo. Akaniambia, "Mama, mikono imekataa."

Nikamjibu, "Imekataa kisu, ama imekataa kuamka mapema?"

Wenzake walicheka. Nakumbuka kwamba nilifurahi walipocheka, kwa sababu kicheko chao kilinionyesha kwamba na wao wanaona ninavyoona.

Nilimwambia aende akapime. Alirudi mchana na karatasi: hakuna malaria. Mtu asiyekaa kanda ya ziwa huenda asielewe uzito wa karatasi ile. Hapa kwetu malaria ndiyo kipimo cha homa zote. Ndiyo kanda inayoongoza kwa malaria Kenya nzima, na kila nyumba inajua dalili, dawa na siku za kupumzika. Mtu akija na karatasi inayosema ana malaria, anaheshimiwa. Anapewa pole, anaambiwa akalale. Karatasi ikisema hana, anatazamwa upya. Labda ataambiwa ni taifodi, atapewa vidonge vingine. Hiyo nayo ikikosekana, basi hana kitu. Na watu walikuwa wameshazoea kumalizia matibabu yao dukani kwa muuza dawa, maana mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa wauguzi mwaka 2017 ukadumu miezi mitano. Nani angemtuma mgonjwa asiye na malaria aende kumtafuta daktari wa viungo? Mimi hata sikujua kwamba kuna daktari wa namna hiyo.

Kwa hiyo karatasi iliyosema tu kwamba vijidudu vya malaria havikuonekana, mimi niliisoma kana kwamba imeandikwa: mwongo.

Alijitahidi. Siwezi kulificha hilo, kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Alikuja kila siku Februari na Machi. Aliamka saa tisa usiku ili apashe maji na kuiloweka mikono kabla ya kutoka nyumbani, jambo nililokuja kulijua baadaye sana. Alipasua nusu ya alichokuwa akipasua zamani, akalipwa nusu. Na akaanza kutoboa mabondo. Kidole gumba ambacho zamani kilikuwa kinasikia utando kama karatasi ya sigara, sasa kilikuwa hakisikii kitu isipokuwa maumivu, na ukucha ulikuwa unateleza. Kila lililotoboka nililiandika. Kuna siku alifanya kazi tangu alfajiri mpaka saa sita akaondoka na nauli.

Mezani minong'ono ilianza. Mmoja alisema ni ukimwi. Mwingine akasema ni chira, kuna mila ameivunja huko kwao na sasa inamla. Nilisikia yote nikakaa kimya, na kimya cha mwenye banda watu hukichukua kama kibali.

Mwezi wa Machi nilimpeleka mwenyewe kwa muuza dawa, akadungwa sindano ya diklofenaki, nikalipa. Kesho yake alikuja akapasua kama zamani. Nilisimama nikamtazama anavyotoa mabondo mazima, moja baada ya jingine, na badala ya kufurahi nilikasirika. Niliona nimethibitisha kwamba mikono inaweza. Siku ya tatu alipokuja tena na vidole vilivyovimba, nilimwambia kama mikono ilikuwa mizima juzi, leo imeibiwa na nani? Akaelewa ninataka nini. Tangu siku ile alianza kununua dawa kwa pesa zake, vidonge bila kipimo cha mtu yeyote, asubuhi na jioni, wakati mwingine kabla hajala, ili mradi afike mezani na mikono inayokunja.

Halafu ikaja ile jioni ya Kibuye. Asubuhi alikuwa amenipigia simu akasema hawezi kuinuka kitandani, nyayo zinamchoma akizikanyaga. Saa kumi jioni nikamwona sokoni, mfuko wa sukuma wiki na unga mkononi, anatembea vizuri, anaongea na mtu. Hakuniona. Sikumsalimia. Kesho yake alfajiri, wanawake wote wakiwa wameshika visu, nilimwambia avue mpira wangu aende zake, na kwamba banda langu si mahali pa watu wanaougua asubuhi na kupona jioni. Alijaribu kusema neno. Nikamwambia karatasi ya hospitali imeshasema. Akauvua ule mpira, akaukunja kwa shida na vidole vyake vile, akauweka mezani.

Mwaka uliofuata mama mkwe wangu alisumbuliwa na magoti, nikampeleka kliniki. Tabibu aliyemhudumia alikuwa kijana mtulivu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, ukiamka asubuhi, mwili unachukua muda gani kulegea?" Mama mkwe akasema kidogo tu, akishapiga hatua chache yuko sawa. Kijana akatueleza kwamba hayo ni magoti ya umri, gegedu imelika. Angesema saa nzima au saa mbili, hapo angefikiria uvimbe wa ndani ya viungo, ule ambao hukaza usiku mtu akiwa amelala na kuachia taratibu kadiri siku inavyokwenda. Wagonjwa wa namna hiyo, akasema, wanateseka sana kazini, kwa sababu asubuhi hawawezi kufunga kifungo cha shati, na jioni mtu akikutana nao barabarani anawaona wazima.

Sijui uso wangu ulibadilika vipi. Nilimuuliza kuhusu mtu aliyetoka Mombasa Januari 2018 na homa iliyoisha na viungo visivyoisha, malaria hana. Hakuhitaji kufikiri. Akaitaja chikungunya. Alisema mji ule ulikuwa na mlipuko wakati huohuo. Kati ya katikati ya Desemba 2017 na mwanzo wa Februari 2018 walihesabiwa wagonjwa 453, na maabara ilithibitisha 32 kati yao, katika kaunti ndogo zote sita za Mombasa, Changamwe ikiwamo. Hayo yalitangazwa, kwetu yakapita kama habari za Pwani.

Nikamuuliza kuhusu sindano. Akanieleza kwamba diklofenaki inatuliza uvimbe kwa muda, haiondoi kinachouleta. Ikiwa mikono ilifunguka baada ya sindano, uvimbe ulikuwapo. Akaniuliza yuko wapi mtu huyo sasa. Sikuwa na jibu.

Nilimwuliza maswali mengine mengi siku ile, na baadaye nikasoma mwenyewe. Mbu anayeeneza chikungunya mijini si yule wa malaria. Ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, na anataga kwenye maji tunayoweka karibu nasi: pipa, ndoo, mtungi, tairi lililotupwa nyuma ya nyumba. Neti ya kulalia haimzuii, maana tukiwa ndani ya neti yeye ameshamaliza. Yuko hapa Kisumu pia. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford wamemkuta kwenye vyombo vya maji na matairi ya mji huu, na walipopima damu za watoto wenye homa, Kisumu mjini na Chulaimbo, walikuta chikungunya na dengi kwa watoto ambao kwa kawaida tungewapa dawa ya malaria na kuwarudisha nyumbani. Virusi vyenyewe huonekana kwenye damu siku chache za mwanzo tu. Mgonjwa akija baada ya mwezi, kinachobaki ni kinga iliyoachwa na ugonjwa, na kinga hiyo hufanana mno na ile ya ndugu wa chikungunya, yaani o'nyong-nyong, kiasi cha kuchanganya. Kwa hiyo mara nyingi daktari hutegemea simulizi ya mgonjwa: alikuwa wapi, nani mwingine aliugua, viungo vipi, saa ngapi. Simulizi hiyo nilipewa nzima Januari ile, nikiwa nahesabu masinia.

Tulipokuwa kwenye tuktuk tunarudi, mama mkwe, ambaye nilidhani hakuwa akisikiliza, akasema, "Ugonjwa huo mimi naujua." Alikuwa msichana mdogo, uwanda wa Kano, ulipokuja. Alisema watu walitembea wameinama, wanashika kuta na miti. Jembe lilikosa mtu wa kulishika. Mama yake alikuwa akimwita yeye amvulie kanga kwa sababu mikono haifiki nyuma. Niliyoyasoma baadaye yaliniambia alichokuwa anakumbuka. Ni o'nyong-nyong, jina walilolitoa Waacholi, ugonjwa ulioanza kaskazini mwa Uganda Februari 1959, ukashuka na kulizunguka ziwa, ukaingia Nyanza na Tanganyika, na mpaka unakwisha mwaka 1962 ulikuwa umewashika watu wapatao milioni mbili. Vifo havikutajwa sana. Viungo ndivyo vilivyovunjika. Virusi vilitambuliwa na watafiti wa Entebbe, na ajabu yake ni kwamba mbu aliyeueneza ni yuleyule wa malaria.

Nilimwuliza mama mkwe kama watu waliitana wavivu wakati ule. Akanishangaa. "Nani angemwita nani? Boma zima lilikuwa chini."

Nimelitafakari sana jibu hilo. Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji majumbani, uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa chikungunya. Toka hapo ikavuka kwenda Komoro, na mwaka 2005 na 2006 ikawashika takriban theluthi ya wakazi wa kisiwa cha Réunion. Madaktari wa kule waliofuatilia kundi la wagonjwa wao walikuta zaidi ya nusu bado wana maumivu ya viungo miaka mitatu baadaye. Mahali kama hapo mgonjwa hana haja ya kujieleza; mwajiri wake mwenyewe anachechemea. Mwanamke wangu aliubeba ugonjwa wake kwenye basi kutoka Mombasa akashuka nao Kisumu peke yake. Hapakuwa na jirani wa kusema hata mimi ninao. Alichokuwa nacho ni neno lake, na mtu pekee aliyepaswa kuliamini ni mimi.

Ilinichukua muda kumtafuta, na sehemu kubwa ya muda huo ni woga. Nilimpata Obunga, kwenye kibanda cha kukaangia mgongo wazi. Alikuwa akigeuza samaki kwenye karai kwa mwiko mrefu, na mpini wa mwiko alikuwa ameuzungushia utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mnene kama gunzi la mahindi. Kisu chake kilikuwa vivyo hivyo. Aliniambia mpini mnene hauhitaji ngumi kamili. Vidole vikishafika nusu vinatosha kushika. Hilo aligundua mwenyewe. Miaka yote niliyokuwa na visu vyangu vya mipini myembamba, wazo hilo lingenigharimu tyubu moja iliyochakaa.

Anafungua kibanda saa sita mchana, vidole vikiwa vimeshalegea, na kufunga usiku. Kazi ile ile ya samaki, ikisogezwa saa chache mbele, anaiweza. Nilisimama nikaona watu wangapi wananunua kwake, nikafikiria ilivyokuwa rahisi. Ningeweza kumwambia aje saa nne. Ningeweza kumweka kwenye mizani, au simu za wateja, au malipo ya M-Pesa, ambayo siku hizo nilikuwa nikiyachanganya mwenyewe kwa uchovu. Ningeweza kumpa wasichana wapya awafundishe kwa mdomo, maana ujuzi wa bondo ulikuwa kichwani mwake hata vidole vilipogoma.

Alinieleza yaliyompata bila kupandisha sauti. Juni ile, mwezi mmoja baada ya kumfukuza, alitapika damu. Vidonge vilikuwa vimemchimba tumbo. Alilazwa, akaongezewa damu, akaambiwa asiguse tena dawa za namna ile bila mtu wa kumsimamia. Binti yake wa kidato cha pili alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo na kwa kumuuguza. Mama yake mzazi aliuza mbuzi ili kusafisha chira, kwa sababu hata nyumbani walianza kuuliza amefanya nini. Tabibu mmoja pale wodini ndiye aliyemsikiliza mwanzo mpaka mwisho, akamwonyesha mazoezi ya vidole ndani ya maji ya uvuguvugu, akamwambia ugonjwa wake hauambukizwi kwa kushikana mikono na kwamba wengi hupata nafuu polepole, ingawa kwa waliovuka arobaini unaweza kuchukua miaka. Sasa asubuhi zake ni mbaya zaidi kipindi cha mvua, nzuri kiasi wakati wa kiangazi.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au matusi. Aliendelea kugeuza samaki, akasema, "Mama, nilikuwa nakuambia."

Nilikuwa nimekwenda na pesa, nikazitoa. Nilikuwa nimeshaisoma Sheria ya Ajira ya 2007, nikajua kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini ana haki ya kuugua siku saba kwa malipo kamili na siku saba nyingine kwa nusu malipo kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Nikajua kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu mwili wake umeshindwa, mwajiri anatakiwa amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake mmoja akiwapo, na amsikilize. Sheria haimwachi mtu awe kibarua milele kwa sababu tu mwenye banda hajaandika mkataba. Nilizipigia hesabu siku hizo, nikaongeza gharama za hospitali. Nilimwambia pia kazi ipo akitaka, saa nne, mezani au kwenye mizani.

Kazi aliikataa palepale. Pesa za siku za kuugua na za hospitali alizichukua, akazihesabu, akaniuliza ziko wapi za mabondo. Sikuwa nimezifikiria. Katika hesabu yangu yote ya majuto, makato yale yalikuwa bado yanaonekana ya haki. Akanikumbusha mabondo yale yalitobolewa na mikono gani, na nani aliyeisukuma mezani. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la 2018, nikajumlisha, nikampelekea.

Bado akawa na sharti moja. Alisema nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nikaseme mbele ya watu walewale. Yeye hatakuja; hataki kutazamwa.

Nililisema jambo hilo alfajiri, gari likiwa limeshashushwa na wanawake wameshika visu. Niliwaambia nilimwita mwongo mtu aliyekuwa akisema kweli, nikawaeleza ugonjwa wenyewe, na ile karatasi, na Kibuye, na sindano. Nikawaambia mwenye maumivu ya asubuhi aniambie, tutapanga saa. Walinisikiliza wakiwa kimya kabisa. Nilipomaliza, yule aliyesema chira alianza kulia. Mwingine, mdogo kuliko wote, ambaye nilimpokea baada ya mwenzao kuondoka, aliweka kisu chini akauliza kama nao watarudishiwa pesa za mabondo waliyotoboa siku walizokuja wakiumwa.

Nikasema ndiyo. Akaniambia nilete daftari sasa hivi, kabla samaki hawajaanza kupasuliwa. Nikaenda kulichukua.